Kawandi: mfarishi wa pande mbili unaoshonwa kwa mkono kutoka ukingoni hadi kitovuni

Mifarishi mingi ya viraka ina uso na ina mgongo. Uso hupangiwa rangi kwa makini, mgongo hupewa shuka lolote lililobaki, na mafundo ya nyuzi hutupwa huko kwa kuwa hakuna atakayetazama. Kawandi haishonwi hivyo. Viraka vinashikiliwa, tabaka zinafungwa na michoro inapatikana kwa mshono uleule mmoja, kwa hiyo kila sindano inapozama upande huu inaacha alama upande wa pili. Ukimaliza, huku una viraka, kule una kitambaa kizima kilichojaa miraba ndani ya miraba iliyochorwa kwa uzi peke yake. Mwongozo huu unakutaka ushone kwa ajili ya pande zote mbili tangu sindano ya kwanza, na kwa sababu hiyo nimetaja upande wa nyuma mara nyingi kuliko ilivyo kawaida katika maelezo ya ushonaji.

Wenye ufundi huu ni wanawake wa Kisiddi wa wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India. Wasiddi ni watu wenye asili ya Afrika. Wengi wa mababu wa Wasiddi wa Karnataka waliletwa Goa na Wareno kama watumwa, wakiwamo waliotolewa pwani ya Afrika Mashariki, na baadhi yao walitoroka wakaingia misitu ya milima ya Western Ghats. Wajukuu zao wako hadi leo sehemu za Haliyal, Yellapur na Mundgod. Wapo Waislamu, Wakatoliki na Wahindu, na wote wanashona kawandi. Serikali ya India iliwatambua rasmi mwaka 2003 kama moja ya makabila yanayostahili ulinzi maalumu, na mwaka 2004 wanawake hao walianza ushirika wa kushona na kuuza, wakisaidiwa na Henry John Drewal, profesa wa sanaa za Afrika aliyekuwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, pamoja na Sarah Khan. Ukishona kawandi yako ukaisifu mbele za watu, wataje Wasiddi. Ni haki yao.

Nguo zinazotumiwa kule ni kuukuu: sari iliyochakaa inakuwa upande wa chini, na nguo za watoto na wakubwa zinakuwa viraka. Sisi tuna kanga, na sijaona kitambaa kinachofaa upande wa pili wa kawandi kuliko hicho. Kanga ina pindo pande zote nne na mji katikati, na mshono wa kawandi unazunguka kufuata ukingo. Mistari ya uzi itatembea sambamba na pindo, itaingia mjini, itamalizikia katikati ya ua au mchoro wowote uliopo. Jina la kanga nalo litabaki linasomeka. Kama mfarishi ni zawadi ya mzazi aliyejifungua, chagua jina linalomfaa, maana litakaa kitandani kwake miaka mingi.

Kupima kazi kabla ya kuianza

Kanga moja ina takriban sm 150 kwa 110. Ukishakunja kingo unabaki na sm 146 kwa 106, ukubwa unaotosha kitanda cha mtoto au kufunika miguu kochini. Mshono wa kawandi ni mstari mmoja unaozunguka na kuingia ndani. Ukiacha nafasi ya sm 1 kati ya mzunguko na mzunguko, urefu wa mstari huo ni karibu mita 155. Ukiacha sm 1.5, ni kama mita 100. Anayeshona mita 3 kwa saa, pamoja na kukata na kukunja viraka, atahitaji zaidi ya saa 50 kwa ule wa kwanza.

Nakutajia hesabu hii ili upange muda wako ukijua unachokwenda kukifanya. Jioni moja moja, ukiwa na redio au mwenzako wa kuzungumza naye, kazi inakwisha. Mwenye haraka ya kumaliza wiki hii ashone mto kwanza, wa sm 40 kwa 40. Hatua ni zilezile.

Vitambaa, uzi na sindano

Upande wa pili: kanga moja ya pamba tupu. Kanga zilizochanganywa na nailoni au poliesta huteleza chini ya vidole na hazishiki mkunjo. Chomoa uzi mmoja mmoja pembeni, uuwashe kwa kiberiti: wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta unayeyuka na kuacha kijiwe kigumu.

Tabaka la kati: shuka kuukuu la pamba. Kwa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga shuka moja linatosha kabisa. Kwa Njombe, Lushoto au Limuru weka mashuka mawili, au blanketi jepesi lililokwisha kuwa laini. Usizidishe, kwa sababu kila tabaka unaloongeza linapunguza idadi ya mishono unayoweza kuibeba kwenye sindano kwa mara moja, na mshono unarefuka bila wewe kutaka.

Viraka: mashati ya mitumba, vitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani, kanga zilizochanika, magauni ya watoto. Ukimwomba fundi wa mtaani akuwekee mabaki, mwambie unataka ya pamba na yasiwe membamba kuliko kiganja. Vitenge vipya vina wanga na vigumu kwa sindano, hivyo vifuliwe mara mbili.

Uchujaji wa rangi usiupuuze. Kanga nyekundu au nyeusi mpya inaweza kuharibu kazi ya miezi siku ya kufua kwanza. Loweka kila kitambaa peke yake, kisha ukiwa bado umelowa ukikandamize kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, rudia kufua. Kisipokoma, kiondoe, hata kama ndicho unachokipenda kuliko vyote.

Uzi: wa pamba, mnene kidogo, unaoonekana. Ule mwembamba wa kufumia vitambaa vya makochi unafaa sana na ni imara. Ukiukosa, tumia uzi wa cherehani uliokunjwa mara mbili na kupitishwa kwenye nta ya nyuki ili usijisokote. Rangi yake ijaribu pande zote mbili kabla ya kununua wa kutosha: laza uzi juu ya viraka, kisha laza juu ya kanga. Uzi mweupe unatokeza vizuri mahali pengi, lakini juu ya kanga yenye mji mweupe utapotea na upande wa pili utakuwa mtupu. Hapo chukua mwekundu, wa bluu au mweusi. Nunua mita 200 au zaidi za rangi moja kwa pamoja, kwa kuwa vibunda vya nyakati tofauti havifanani sana.

Sindano iwe ndefu, ya sm 4 hadi 5, yenye tundu linalopitisha uzi huo bila kulazimisha. Subana, ile kofia ya kidole ya chuma, ni ya lazima kwa kazi ya urefu huu, na inavaliwa kidole cha kati cha mkono unaoshona. Mkasi, pini chache na pasi vinatosha kukamilisha vifaa.

Kutandaza na kupiga bandi

Fumua mikunjo ya kanga kama ilikwisha kushonwa pembeni, ipige pasi, kisha itandaze juu ya mkeka au sakafu safi, uso wenye rangi kali ukitazama chini. Juu yake laza shuka la kati, likiwa limekatwa pungufu kwa sm 2 kila upande. Lisawazishe kwa viganja kutoka katikati kwenda nje.

Kata ncha ndogo ya kila kona ya kanga ili isirundikane, halafu kunja zile sm 2 zilizozidi zifunike ukingo wa shuka. Ubane mkunjo huo kwa pini.

Sasa piga bandi: mishono mirefu ya muda, ya uzi wa rangi tofauti, ikipita tabaka zote. Piga mistari ya kwenda na ya kukatiza, umbali wa shubiri moja. Kwenye kawandi bandi ina kazi nzito, kwa sababu unaanza kushona ukingoni na kitambaa chote kilicholegea kitasukumwa kuelekea katikati. Bila bandi utafika kitovuni ukute kichuguu. Mistari iliyopigwa vizuri hugawa ulegevu huo kidogo kidogo kila mahali, na kanga ikibaki na mikunjo midogo midogo baina ya mishono, hiyo ndiyo sura yake halisi. Usiinyooshe.

Kona ya kwanza na phula

Kila kona ya kawandi hupewa phula, ua dogo la kitambaa kilichokunjwa, linalochungulia nje. Wanawake wa Kisiddi husema kawandi isiyo na phula iko uchi. Liandae mapema. Kata mraba wa sm 10 wa kitambaa chembamba, ukunje kona kwa kona upate pembetatu, uikunje tena katikati, na tena mara ya tatu. Utapata pembetatu nyembamba yenye upande mmoja tu unaoonyesha kingo zilizokatwa. Upande huo ndio unaozama ndani. Ziandae nne na uzipige pasi kwa nguvu.

Kaa na ukingo wa kazi ukiwa karibu nawe, kona ya kulia mbele yako. Wanaotumia mkono wa kushoto waanze kona ya kushoto na kugeuza maelekezo yote. Weka phula juu ya kona, ncha ikitazama nje kwa mshazari, sm 3 ndani na sm 2 nje. Chukua kiraka cha kwanza, cha sm 12 kwa 15 hivi, ukunje pande mbili tu kwa ndani, milimita 7 kila moja: ule unaoelekea kwako na ule wa kulia. Kilaze juu ya phula, kingo zilizokunjwa zikiwa ndani ya ukingo wa kanga kwa milimita 2. Pande nyingine mbili ziache kama zilivyokatwa, zitafunikwa.

Hatua hii ikieleweka, kawandi yote imeeleweka. Kiraka hakishonwi kuzunguka chote kabla ya kufuatwa na kingine. Kinashikwa na mistari inayopita juu yake, na kingo zake zilizo wazi zinamezwa na viraka vinavyofuata.

Mshono wenyewe

Kata uzi usiozidi sm 60. Mrefu zaidi ya hapo unachakaa kwa kupita kitambaani na unajifunga mafundo. Piga fundo dogo mwishoni.

Fundo halionekani upande wowote. Chomeka sindano juu ya shuka la kati, mahali ambapo bado hapana kiraka, isafirishe kati ya tabaka bila kutoboa kanga, na uitoe kwenye mstari wako. Fundo linabaki juu ya shuka, na kiraka kijacho kitalifunika. Ukiwa mbali na sehemu iliyo wazi, chomeka kwenye kiraka sm 3 kutoka mstarini, vuta taratibu mpaka fundo lipenye na kunasa ndani. Kumaliza uzi ni vilevile: piga fundo karibu na kitambaa, shona mshono wa mwisho ndani ya tabaka tu, vuta fundo lizame, toa sindano mbele kidogo na ukate uzi usawa wa kitambaa. Mita 155 zitakula nyuzi zaidi ya 300, na kila moja ina mwanzo na mwisho. Mshonaji anayezificha zote ana pande mbili. Anayeziacha nyuma ana upande mmoja na nusu.

Mstari wa kwanza unapita milimita 4 kutoka ukingoni. Sindano inazama na kuibuka, kulia kwenda kushoto, mishono ya milimita 4 au 5 na nafasi za kiasi hichohicho. Mkono mmoja uwe chini ya kazi, ncha ya kidole ikihisi sindano inapotokeza upande wa kanga. Kidole hicho ndicho kinachokuhakikishia kwamba mshono umefika chini kweli. Pakia mishono mitatu au minne kwenye sindano, sukuma kwa subana, vuta uzi mpaka ulale, usivute mpaka ukunje kitambaa.

Ukikaribia mwisho wa kiraka cha kwanza, laza cha pili. Kunja upande wake wa kulia na ule unaoelekea kwako, ukiweke juu ya cha kwanza kwa sm 1.5, na uendelee kushona bila kukata uzi. Hivyo hivyo mpaka kona ya kushoto. Pale ingiza phula la pili, geuza kazi ili ukingo unaofuata uje mbele yako, na safari inaendelea. Kiraka cha mwisho cha mzunguko kikunje pia upande wa kushoto, ukilaze juu ya ukingo wazi wa kile cha kwanza.

Ukirudi kona ya kwanza usikate mstari. Ingia ndani kwa upana wa ncha ya kidole cha mwisho, karibu sm 1, na uzunguke tena juu ya viraka vilevile. Ukibakiwa na sm 2 kufikia kingo zao zilizo wazi, laza safu mpya, mkunjo ukielekea kwako na kufunika kingo hizo.

Usipange viraka vyote sakafuni kabla. Najua wengi mtapenda kupiga picha ya mpangilio na kuufuata, lakini kawandi hupata uzuri wake kwa kuamua kiraka baada ya kiraka, ukitazama kilicho jirani. Utakachokiangalia ni tofauti: chenye maua makubwa kikae na chenye mistari, cha giza kikae na cheupe. Ukubwa nao uchanganye. Kiraka kirefu cha sm 30 kinapumzisha jicho baada ya vidogo vingi. Viraka vidogo sana vya kung'aa, ambavyo Wasiddi huviita tikeli, huwekwa juu ya vikubwa na kushonwa kingo zote nne.

Kila ukimaliza mzunguko mmoja, geuza kazi yote na uitazame kwa upande wa kanga kwenye mwanga wa mchana. Tafuta mishono iliyoruka, mistari iliyosogeleana, uzi uliojikusanya kitanzi. Kosa la mzunguko huu linafumuliwa kwa dakika chache. Likishafunikwa na mizunguko mitano litabaki. Iweke pia bapa sakafuni: ikianza kuinuka katikati, legeza mkono wako, na viraka vinavyofuata vilaze kwa ulegevu kidogo badala ya kuvinyoosha. Usitumie fremu ya duara ya kudarizia, kwa sababu inavuta kitambaa ambacho kingo zake zimekwisha kufungwa.

Kitovu

Nafasi iliyobaki itakuwa ya mstatili, maana kanga ni ya mstatili. Ikifikia upana wa kiganja, kata kiraka cha mwisho, ukunje pande zote nne, kifunike kila kilicho wazi. Wapo Wasiddi wanaoweka punje chache za mchele chini yake kabla ya kukifunga, ili tumbo la kawandi lisiwe na njaa. Chagua kitambaa chenye maana kwako: kipande cha gauni la bibi, shati la marehemu baba. Endeleza mstari mpaka usiwe na pa kugeukia, kisha zamisha fundo la mwisho kwa uangalifu zaidi ya mengine yote, kwa kuwa upande wa kanga jicho litaongozwa na mistari mpaka hapo hapo.

Ndipo ufumue bandi, uzi mmoja mmoja, kwa kukata na kuchomoa.

Ukubwa wa kitanda

Kwa kitanda cha futi 4 kwa 6 tumia doti nzima. Tenganisha vipande viwili, uviunganishe kwa upande mrefu, majina yote mawili yakisomeka kuelekea upande mmoja. Hizo kingo za kiwandani hazifumuki, hivyo mshono wa kurudi nyuma, sm 1 kutoka ukingoni, unatosha. Ulalishe kwa pasi. Baada ya kukunja pembeni utapata kama sm 214 kwa 146, yaani kitanda chote na sm 12 za kuning'inia kila ubavu. Mstari wa sm 1 unakuwa zaidi ya mita 310, saa 100 na ushei kwa mwendo uleule. Hapa napendekeza sm 1.5 bila kusita. Mfarishi utakuwa laini zaidi, nao bado utakuwa imara.

Kazi ya ukubwa huo haishikiki mapajani. Kaa sakafuni, miguu umeinyoosha, sehemu iliyokwisha kushonwa ikiwa imekunjwa pembeni yako. Wawili mnaweza kushona pamoja kila mmoja akiwa na ukingo wake, mradi mmeshona kipande cha majaribio na mishono yenu inalingana.

Kufua na kutia viraka

Fua mara ya kwanza kwa maji baridi na sabuni kidogo, kwenye beseni kubwa. Kitambaa kitajikunyata kidogo na mistari itatokeza zaidi pande zote mbili. Usikamue kwa kusokota, kwani mfarishi uliolowa ni mzito na uzito huo hukata nyuzi. Ukandamize, kisha watu wawili waubebe kama ulivyo na kuulaza juu ya kamba mbili au tatu kivulini, viraka vikitazama juu leo, kanga ikitazama juu safari nyingine, ili jua lisipaushe upande mmoja.

Viraka vilivyotoka kwenye nguo zilizokwisha kuvaliwa vitaanza kuchakaa kabla ya kanga. Kikichanika kimoja usikifumue. Kata kingine kikubwa kuliko hicho kwa sm 1 kila upande, ukunje kingo, ukilaze juu yake, na ushone ukifuata mistari ya zamani, tundu kwa tundu kadiri unavyoweza. Upande wa kanga hautaonyesha kwamba kuna kilichobadilishwa.